Kijiti Chini ya Kifuniko cha Hewa

Jumamosi huku kwetu kaskazini ya Michigan ni siku ya sauna, kile chumba cha kuoga mvuke, na kila mzee ana ujanja wake wa kuharakisha joto. Ujanja wa babu yangu, Urho, ulikuwa kijiti cha mti wa mbirchi. Alikichomeka chini ya kifuniko cha hewa cha boila, lile tanuri la kuni lililo uani, ambalo maji yake ya moto hupita chini ya ardhi hadi nyumbani na kwenye sauna. Kifuniko hicho hujifunga chenyewe maji yakishapata moto. Kikizuiliwa, moto unaendelea kula hewa mpaka magogo yaishe.

Jumamosi hiyo babu alichomeka kijiti, akaenda kufagia sauna, akasahau.

Nilikuwa namenya viazi bibi aliponiuliza kwa nini boila inapiga filimbi. Nilichungulia dirishani. Mvuke ulikuwa ukiruka kutoka bomba la juu, mweupe juu ya theluji. Nilimwomba bibi afungulie joto vyumba vyote, nikatoka na viatu vya babu miguuni.

Sindano ya kipimo ilikuwa imepita alama nyekundu. Nikakishika kijiti kwa koleo, nikavuta. Kikagoma. Nikavuta tena huku nalia, kikatoka, na kifuniko kikaanguka: kop. Ngurumo ya moto ikakatika pale pale.

Ukimya ule uliniogopesha kuliko mvuke. Magogo yaliyonyimwa hewa hayazimiki. Yanaendelea kutoa moshi, na moshi unajaa ndani ukingoja mtu afungue mlango. Nilikuwa na miaka saba babu alipofungua hivyo. Moto ulitoka kama mnyama, ukachukua ndevu zake na nyusi zote mbili, na kwa wiki tatu alikunywa supu kwa mrija. Tangu siku hiyo sikuwa nimewahi kuugusa mlango ule.

Hapo nikamwona babu anatoka sauna, kavaa fulana na kofia ya sufu, ameshika beleshi lililojaa theluji. Nilijua anachotaka: kufungua na kuitupa theluji juu ya moto. Nikamwita. Hakugeuka. Masikio yake ya kusikilizia, vile vidude vya kumsaidia kusikia, huyaacha mezani kila Jumamosi, joto lisiyaharibu.

Nilizunguka boila mbio, nikateleza, nikainuka. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Nikajipenyeza katikati na kuuegemea mlango kwa mgongo. Joto lilipita koti.

“Toka hapo, Senja,” alisema. “Au unangoja mpaka maji yachemke hadi Kanada?”

Nikamshika mashavu ili aone midomo yangu. “Ndevu zako, babu. Nilikuwepo. Nilikuona.”

Akaimwaga theluji miguuni pake, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kidevuni.

Tukasubiri. Nilimweleza kwa vidole na midomo: hewa imefungwa, pampu inazunguka, nyumba inakula joto, tuiache. Alinung’unika kwamba mjukuu amesomeshwa chuo ili aje kumfundisha moto, lakini hakuondoka. Sindano ikaanza kurudi, polepole mno. Baridi ilikuwa ikinitafuna vidole na bado jasho lilinitiririka.

Ilipofika alama ya kijani, nikamvuta upande wa bawaba, nyuma ya mlango. Nikalegeza komeo, mlango ukaachia upana wa kidole ili hewa iingie kidogo kidogo, nikamwonyesha kwa vidole: sekunde thelathini. Hesabu yangu asingeisikia, kwa hiyo akahesabu yeye kwa sauti, kwa Kifini, lugha ya ukoo wetu, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo.

Alipofika kumi na moja boila ikaguna. Ulimi wa moto wa bluu ukachomoka kwenye ule upenyo, ukalamba hewa pale ambapo uso wake ungekuwa, ukarudi ndani. Mlango ulinigonga bega.

Babu akaendelea, sauti ikiwa chini: kumi na mbili, kumi na tatu. Hakuruka hata moja. Baada ya thelathini akaniangalia, nami nikafungua. Ndani kulikuwa na makaa mekundu tu, yametulia.

Jioni sauna ilikuwa vuguvugu na bibi akalalamika mpaka wakati wa chakula. Babu alikuwa amekaa mezani, masikio yake ameyavaa, akimsikia kila neno.