Upande wa Chumbani

...asigeuze tochi, Mungu wangu, asigeuze tu, aendelee kumulika upande wa sebuleni ambako sufi ya kuzuia joto imelala nene, imepangwa vizuri, kazi ya kutazamwa, na mwalimu akaikaza mikono kwenye ngazi, juu yake miguu ya mkaguzi tu, soksi moja imetoboka kisigino, kichwa na mabega vimeshapotelea darini, sauti inashuka imejaa vumbi, "Mmefanya kazi safi, mwalimu," naye akajibu, "Tumejitahidi," eti tumejitahidi, kweli ulimi hauna mfupa... fundi wa kuweka sufi ndiye aliyesema, wakaguzi wa ruzuku hawatambai darini, wanatia kichwa, wanamulika palipo karibu, wanashuka, alisema huku akicheka, lakini usimsingizie fundi wa watu, hakusema fanya, pikapu umeileta mwenyewe, na ruzuku yenyewe ni ya nyumba za wazee, ya mwalimu haimo, ndipo akakumbuka ana mama mkwe, akamkumbuka kweli kweli, wiki hiyo alimtembelea kila siku, mkwe mwema huyo, sufi ikaletwa ya kutosha dari nzima ya mama, upande wa sebuleni ukapata, upande wa chumbani ukaachwa bati tupu, na iliyobaki iko darini kwake mwalimu, juu ya kitanda chake yeye, mkewe sasa anajifunika shuka hata msimu wa joto, anasema, mume wangu, umemfikiria mama kwanza, ndiyo maana na sisi tumebarikiwa na mabaki... mabaki. Na mama mkwe mwenyewe alisaidia kupakia, alibeba bunda moja kichwani hadi kwenye pikapu, na nyonga yake ile mbovu, akauliza, "Na hizi, baba?" "Zimezidi, mama." "Zimezidi?" akalitazama paa, "Haya, Mungu ambariki aliyepima," na mwalimu akasema amina, alisema amina huyu, mtu anayewafundisha watoto wa wenzake jinsi joto linavyopita kwenye bati, anawachorea na mishale, lakini atarekebisha, mwakani, hali ikikaa sawa, atanunua nyingine, ahadi ya mlevi hiyo na anajua... "Unaonaje, mama, kuna tofauti?" mkaguzi anauliza huko juu, na mama mkwe kutoka kwenye kochi, "Ee, mwanangu, tangu mkwe wangu aniwekee, nalala fofofo," na mwalimu akageuza shingo amtazame, kwa sababu chumba kile mchana hakiingiliki, usiku ndio usiseme, analalaje fofofo, na hapo akauona mto, mto wa kitandani, umeegemezwa kwenye mkono wa kochi, na shuka imekunjwa chini yake, na dawa zake za presha ziko dirishani hapa sebuleni... analala hapa. Kwenye kochi la watu wawili, na nyonga ile, anakunja miguu kama mgeni nyumbani kwake. Labda ni jana tu, labda alipitiwa akitazama televisheni, usijipe maneno, watu hawahamishi dawa kwa kupitiwa, "Nikishuka nipime joto vyumbani," anasema mkaguzi, "nianze na chako, mama," na mwalimu akajua basi, imekwisha, na mama mkwe akasema, "Cha kwangu acha, mwanangu, nguo zimetapakaa, naona haya," zimetapakaa, mwanamke anayekunja hata matambara ya kufutia vumbi, akainuka akishika nyonga, akaenda akauvuta mlango wa chumba taratibu, na kabla haujafungika hewa ya mle ikatoka ikampiga mwalimu miguuni kama ya tanuri, na hakumtazama, alirudi akipangusa mikono bila kumtazama... anajua. Tangu siku ya pikapu anajua, pale alipolitazama paa, alijua na akabeba, akabeba juu ya kichwa chake baridi ya kitanda cha mwingine. Angemtukana. Angempigia binti yake simu akamwambia mumeo ni mwizi, mwalimu angepata la kujibu, maneno hajawahi kuyakosa, lakini mtu aliyeibiwa anapomfichia mwizi, mwizi ashike wapi, anaona aibu hadi kwenye nywele, na hiyo haya aliyoisema mama haikuwa yake, kaichukua ya mkwe akajivika mbele ya mgeni... "Naandika imekamilika," sauti ya darini, "au kuna upande sijauona?" na sasa mwalimu anataka tochi igeuke, iende kulia, hatua mbili tu, imsemee, hata hapo anataka asemewe, lakini akisema sasa atamvua mama nguo, atamfanya mwongo kwa mdomo ambao kabla ya leo haujawahi kusema uongo, na akinyamaza kochi litamla nyonga, basi ataipandia dari yake mwenyewe kesho, ataifumua sufi airudishe huku, mkewe atauliza mbona unaitoa, na atamwambia, lazima amwambie, afe au apone, "Mwalimu? Kuna upande mwingine?" ngazi ikatikisika kidogo, na mkono wa mama mkwe ukaja ukashika ngazi chini ya wake, mkavu, mwepesi, "Umechoka, baba, lete nikushikie," naye akasema, "Sijachoka, mama," na hakuweza kuinua macho.