Mikonge Sitini na Minne

Baraza la usuluhishi la kijiji lilikaa siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, katika darasa la pili la shule ya msingi, kwa kuwa ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa mifuko ya mbolea. Wajumbe walikalia madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Kijiji chenyewe kiko upande wa Mashewa, katika ardhi iliyokuwa shamba la mkonge hadi kampuni ilipoondoka na wajukuu wa vibarua wakagawana wenyewe. Mipakani walipanda mikonge, kwa sababu mkonge haufi upesi na haufuati mtu.

Shauri lilikuwa kati ya Fabiani na jirani yake Grasiana, mjane wa Ernesti. Mashamba yao yalitenganishwa na safu ya mikonge sitini na minne iliyosimama kando ya mtaro. Fabiani alidai kwamba mpaka halisi uko mbele zaidi, nyuma ya michungwa saba ya Grasiana. Katika kipande hicho mlikuwa na michungwa hiyo na kaburi la Ernesti.

Shahidi alikuwa Salome, binti wa Fabiani, mwenye umri wa miaka tisa. Marehemu alipenda kutembea naye shambani, na kijiji kizima kilijua kwamba mtoto huyo hajawahi kusema uongo. Asubuhi ile, alipokuwa akinawa miguu, baba yake alimweleza atakachosema.

"Utasema mzee Ernesti alikuonyesha mpaka nyuma ya michungwa."

"Alinionyesha kwenye mtaro, baba."

"Mimi ni baba yako. Nakwambia alikuonyesha nyuma ya michungwa."

Salome alifikiri kidogo, akaona kwamba baba yake anajua mambo mengi ambayo yeye hayajui.

Mwenyekiti, Mzee Twaha, alieleza kwamba mtoto wa umri huo haapishwi kwa kitabu chochote. Anaahidi tu kusema kweli. Kwanza alitaka kujua kama anaelewa.

"Kweli ni nini, mama?"

"Ni kusema kitu kilivyo."

"Na ahadi?"

"Ni kitu ambacho lazima kiwe."

Wajumbe waliridhika. Salome aliahidi, kisha akasema kwamba mpaka uko nyuma ya michungwa saba.

"Salome, mjukuu wangu," alisema Grasiana, "hebu nitazame."

Salome alimtazama, kwa kuwa hakuna aliyemkataza kufanya hivyo.

Saa tano na dakika ishirini katibu, aliyekaa karibu na dirisha, aliinua kalamu. "Mwenyekiti, mikonge imeinuka."

"Andika muda," alisema Mzee Twaha.

Mtoto alikuwa ameahidi kusema kitu kilivyo, na kitu hakikuwa hivyo. Ilibidi kitu kisogee. Mikonge ilijing'oa mmoja baada ya mwingine, ikakung'uta udongo, ikavuka mtaro na kuelekea mashariki kwa mwendo wa watu wanaosindikiza mgonjwa. Ilipofika kaburini, miwili iliachana, mmoja ukapita kulia na mwingine kushoto, kisha ikaungana na wenzake. Nyuma ya michungwa ilijipanga na kujifukia hadi shingoni. Katibu alitumwa kuihesabu, akarudi na idadi ileile.

"Mama Grasiana, hata mikonge imekukimbia!" alipaza sauti kijana mmoja mlangoni.

"Fabiani," aliongeza mwingine, "mwambie mtoto aseme na mvua imenyesha, tupande."

"Mvua si shauri lililo mbele yetu," alisema Mzee Twaha. Baraza liliona kwamba ushahidi na mpaka vinakubaliana, likafunga kikao.

Njiani Salome alimuuliza baba yake kama alichosema kilikuwa kweli.

"Si umeona mwenyewe? Umesema, imekuwa."

Jibu hilo lilimtosha kwa miezi kadhaa. Kila alipopita shambani aliona alama za mikonge kando ya mtaro, mashimo sitini na manne, na alijua kwamba shimo halichimbwi mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mwaka uliofuata Fabiani alimpeleka Kwedizinga, ambako binamu yake Dominiko alikuwa akigombania kisima na jirani. Safari hii Salome alifundishwa maneno bila kuambiwa kwamba ni ya kweli, naye hakuuliza. Aliahidi, akasema. Kisima kilinyanyuka pamoja na maji yake, kikasogea hadi katikati ya njia ya ng'ombe, kikasimama hapo. Hakikuendelea wala hakikurudi. Mpaka leo watu wa pale hukizunguka.

"Shahidi wako amechakaa, binamu," alilalamika Dominiko.

"Tulipotoka nyumbani alikuwa mzima," alijibu Fabiani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuatia, Fabiani alitangaza kwamba atalima kipande chote kwa trekta, pamoja na pale palipo na kaburi, kwa sababu trekta haliwezi kukwepakwepa kama jembe la mkono. Salome, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikwenda peke yake kwa baraza siku ya kikao. Ofisi ilikuwa bado na mbolea, hivyo alilikuta katika darasa lilelile.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusema mpaka ulipo."

"Marahaba. Unaahidi?"

"Naahidi. Uko kwenye mtaro. Baba ndiye aliyeniambia niseme michungwa."

Mzee Twaha aliahirisha mambo mengine, akaongoza wajumbe hadi shambani. Grasiana aliitwa. Walisimama wakiitazama mikonge hadi saa kumi na moja na robo. Upepo ulitikisa majani ya michungwa. Mkonge mmoja ulielekea kuinama, ikaonekana kuwa ni mbuzi aliyekuwa akijikuna kwenye shina lake.

"Tumeipa muda wa kutosha," alisema mwenyekiti.

"Lakini nimesema kweli," alisema Salome.

"Huenda. Ila ulipokuwa mdogo ulitusaidia zaidi."

Katibu aliandika kwamba shahidi ameshindwa kuthibitisha. Grasiana alimshika Salome mkono hadi njia panda, akamwambia awahi nyumbani, baba yake asije akamchapa. Fabiani hakumchapa. Alimwonyesha tu mikonge ilipo.

Trekta lilikuja Jumatatu. Lilisawazisha tuta la kaburi, na msalaba wa mbao ukatumika kuegemezea mlango wa banda la kuku.

Mahindi yalipofika magotini, Grasiana alikuja na jembe asubuhi moja, akasimama upande wake wa mikonge.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi," alisema Salome, aliyekuwa akipalilia.

"Nimekuja kumsafishia babu yako. Sasa sioni. Yuko mstari wa ngapi?"

Salome aliyatazama mahindi. Yalikuwa sawa pande zote, naye hakujua.

"Wa tisa," alisema, bila kuhesabu.

Hakuna kilichosogea. Grasiana alimshukuru, akapita katikati ya mikonge miwili, akapalilia mstari wa tisa wote, mwanzo hadi mwisho, kwa uangalifu, asikate hata shina moja la mahindi ya Fabiani.