Mafua ya Mama

Daktari alinivunja pua kwa nyundo. Nilikuwa nimelala kwa dawa, sikusikia kitu, lakini baadaye nilimuuliza akanieleza, na mimi nina bucha, mfupa haunitishi. Alisema mfupa uliounga vibaya haunyooki kwa kubembelezwa, lazima uvunjwe upya ndipo upangwe. Nikamwambia, "Kumbe kazi zetu ni moja." Hakucheka.

Pua hiyo aliipindisha mume wangu wa kwanza. Alinibamiza uso kwenye ukingo wa mlango wa jikoni, kisha akanibamiza tena kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika. Amekwisha kufa, na maziko sikwenda. Lakini kazi ya mikono yake aliniachia katikati ya uso. Kila asubuhi nikinawa, kiganja kinapita pale palipopinda, na siku inaanza na yeye. Nilitaka kunawa uso wangu mwenyewe, basi. Anayesema nilifuata urembo uzeeni aje buchani aniambie nikiwa na panga mkononi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba unapona kwa kuanza kuwa mbaya zaidi. Siku ya tatu macho yalivimba yakabaki mistari miwili, na chini yake rangi ya ini la jana. Puani nimezibwa pamba, napumua kwa mdomo, ulimi umekauka mpaka unanata. Juu ya pua plasta ngumu. Kulala ni kwa kuketi, mito mgongoni. Kuinama marufuku, kupenga kamasi marufuku, chafya ikija uachame itokee mdomoni. Kulia marufuku. Hasira nayo marufuku, maana damu ikipanda inatoka. Hasira marufuku, mimi! Jamani!

"Na usigongwe," daktari alisisitiza. "Mfupa bado haujashika. Ukigongwa sasa, kazi yote imeharibika, na siahidi kwamba itarudiwa."

Nikajilinda kama mayai. Mume wangu wa sasa alinisaidia. Yeye ni fundi saa, mtu mdogo, hana neno na mtu, hata mende anawatoa nje kwa kipande cha karatasi. Alinipa supu kwa kijiko, akafunika kioo cha sebuleni kwa shuka nisijione. Nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa binti yangu. Niliona haya. Mwanamke wa umri wangu, nanuka mafuta ya ng'ombe kuanzia kichwani mpaka miguuni, eti nimekwenda kutengenezwa pua!

Binti yangu ndiye kifungua mimba na ndiye kitinda mimba, sina mwingine. Kazi yake ni kufungua matairi ya malori, na mikono yake imenizidi mimi. Akapiga simu, akasikia ninavyoongea kwa pua iliyozibwa.

"Mama, una nini?"

"Mafua tu. Usije, nitakuambukiza."

"Mafua," akasema, na simu ikakatwa. Nikashusha pumzi, nikajiona mjanja.

Jua halijatua, mlango ukapigwa teke ukagonga ukuta. Aliingia na ovaroli la kazini, spana ya magurudumu mkononi. Akanitazama pale kwenye mito, macho meusi, plasta, damu iliyokauka juu ya mdomo. Niliachama niseme, koo kavu, nikakohoa. Hakungoja. Alinipita akaenda kwenye meza ambapo Fundi alikuwa ameinamia saa ya mtu, lenzi jichoni.

"Mama yangu ana nini?"

Na yule maskini, kwa kushika kiapo changu, akamjibu, "Ana mafua, mwanangu."

Spana ilishuka mezani. Vioo na magurudumu madogo ya saa vikaruka mpaka dirishani. Fundi aliinua mkono kujikinga, pigo la pili likatua mkononi. Nilisikia mfupa ukikatika, na mlio huo siukosei. Alianguka pamoja na kiti. Binti akamkanyaga mbavu, akamkanyaga tena, huku anapiga kelele mpaka sauti inapasuka.

"Mafua! Mimi nayajua mafua ya nyumba hii! 'Mama ana mafua, usiseme shuleni!' 'Mama ana mafua, kalale kwa jirani!' Leo nitayatibu mimi!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Haki ya Mungu, nilikuwa nimesahau kabisa. Kila yule wa kwanza aliponitengeneza uso, nilijifungia ndani na kumwambia mtoto nina mafua. Neno lilinitoka kwenye simu kwa mazoea tu. Yeye hakulisahau hata kidogo.

Akaiinua spana kwa mikono miwili juu ya kichwa cha Fundi. Mapigo ya kuua nayajua, ndiyo yanayonilisha, na lile lilikuwa la kuua. Sitatia chumvi nikasema sikuwaza pua. Niliiwaza. Mkono ulikwenda wenyewe ukaishika. Kisha nikauacha uso wazi, nikajirusha nikamlalia mume wangu kichwani.

Aliniona, akajivuta ili spana isinipate. Kiwiko chake ndicho kilichonipata. Plasta ikaruka. Ndani ya kichwa nikasikia kitu kikisagika, damu ikanijaa mdomoni.

"Ni daktari!" nikapiga ukelele. "Nilikwenda mwenyewe kunyooshwa pua, mjinga wewe! Huyu hajawahi kunigusa!"

Spana ikaanguka sakafuni. Alimtazama Fundi, mkono umepinda pasipo na kiungo, akanitazama mimi. Alinikalisha, akaniinamisha kidogo.

"Usitazame juu, damu itaingia kooni." Akaloweka kitambaa, akaniwekea kisogoni.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Ulikuwa unajifanyia bafuni. Mlango ulikuwa na tundu."

"Nilidhani umelala."

"Ningelalaje, mama?"

Akambeba Fundi mgongoni mpaka garini, akarudi kunichukua.

Hospitalini walimfunga Fundi plasta mpaka begani. Daktari wangu alinibonyeza pua, akauma meno. Imehama, akasema, safari hii upande wa pili. Tungoje mwaka mzima, na hata hapo asingeahidi. Maana yake nitaendelea kunawa na yule wa kwanza, na juu yake mwanangu. Moyo uliniuma kuliko pua.

"Hii imepigwa," daktari akasema. "Nani kakupiga?"

Ulimi wangu ukawahi kuliko akili. "Nimepiga chafya. Nina mafua."

"Na mimi nimeteleza," Fundi akadakia kutoka kitanda cha pili, mwongo asiyejua hata kuongopa.

Binti yangu alikuwa mlangoni, damu zetu zimemkaukia kwenye ovaroli.

"Wanakuongopea," akasema. "Nimewapiga mimi. Huyu baba hana kosa, nimemvunja mkono. Na mama nimempiga mimi. Andika jina langu, na polisi uwaite."

Yule wa kwanza alikufa bila kuyasema maneno hayo, na miaka yote nilikuwa namsaidia asiyaseme. Nilimtazama mwanangu amesimama pale hatafuti pa kujificha, nikaanza kulia kwa sauti, kamasi na damu pamoja.

Daktari akanishika bega. Akasema nisilie, pua itazidi kuvimba.

"Iache ivimbe," nikamwambia.