Mikanda Kabla ya Amina

...na si kwamba alidharau maombi, hasha, Wamuyu amelelewa kwa maombi, kwao Ndabibi hata ng'ombe akikataa kutoa maziwa aliombewa kwanza ndipo daktari akaitwa, lakini leo macho yake yalikataa katakata kufumba, alikuwa amepiga magoti katikati ya kiti cha nyuma cha Probox ya shemeji yake Jamleck, Becky upande huu, Hiram upande ule, kila mtoto ndani ya kiti chake kidogo cha gari, na huko nje mama mkwe wake ameweka kiganja juu ya paa, ameshaanza, Baba katika jina la Yesu tunakuja mbele zako asubuhi hii ya leo, na mtu yeyote wa Kiamunyi anajua kwamba cucu huyu, nyanya ya hawa watoto, akianza hivyo chai inaweza kupoa, ikapashwa moto, ikapoa tena kabla ya amina, kwa hivyo nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha, na Wamuyu hakuwa anamwangalia Mungu wala mtu, alikuwa anaangalia sweta. Sweta ya manjano, nene, cucu ameifuma mwenyewe msimu mzima wa mvua, akifumua na kuanza upya kila mkono ulipokataa kulingana na mwenzake, halafu juu yake kofia ya sufu, chini yake fulana mbili, kwa sababu mtoto anaenda Ulaya na Ulaya ni baridi, kama kwamba ndege haina mlango na upepo utakuwa unampiga Hiram usoni njia nzima, na Hiram mwenyewe, miezi saba, mashavu yameiva, anamtazama mama yake kutoka ndani ya ile sufu yote akiwa ametulia kabisa... Bwana yangu hatoki kwa hii nyumba uchi, cucu alikuwa amesema, maana mtoto ameitwa jina la marehemu mume wake, na tangu azaliwe cucu humwita bwana yangu, humuuliza kama amekula, humgombeza kwa kuchelewa kurudi nyumbani, na leo alipoona mikanda ya kiti inapita mabegani mwa mtoto akauliza, sasa bwana yangu anafungwa kama kuku wa kupelekwa soko amekosa nini, watu wote wakacheka, Jamleck akacheka, Wamuyu naye akacheka, na ndani ya kile kicheko akafunga mikanda juu ya sweta ili mambo yaishe. Hayakuisha. Alipitisha kidole chini ya mkanda, ukaonekana umebana, lakini kilichobanwa ni sufu, mtoto yuko mahali fulani huko chini...

Tumekuja kama familia, Baba, sema na kila tairi, cucu alikuwa anasema, na Wamuyu akafikiri, tairi ziko sawa, tairi Jamleck amezinunua juzi, nani atasema na sweta? Wiki mbili amekuwa akipigania hivi viti, akaitwa mjuaji, akaitwa mzungu, akaitwa mtu wa YouTube. Kiti cha Hiram alikinunua kipya Nakuru mjini, akaacha kile cha mtumba cha bei ya kuonea huruma kwa sababu muuzaji hakujua kimetoka kwa gari gani, na kiti kikishagongwa mara moja ndani ya gari kinaweza kuwa kimepasuka mahali jicho halifiki, akapigia watu wa ndege simu mpaka wakamkubalia kwamba kitasafiri nao bila malipo, akakitafutia begi lake, kesho yake akakuta begi lina unga wa wimbi na maharagwe ya njahi, cucu ameona nafasi na Mkikuyu haachi nafasi iende hivi hivi. Kiti cha Becky amekiazima kwa Cheptanui, jirani anayekijua kiti chake tangu dukani, Jamleck atakirudisha jioni. Na huko Dublin, ambako Kiarie anatunza wazee tangu Hiram akiwa tumboni, rafiki yake Quincy ndiye atawachukua uwanjani na gari lake, na Kiarie, baba wa hawa watoto, mtu mwenye akili zake timamu, alikuwa amesema kwenye simu, si ni dakika chache tu mpenzi, Quincy ana kiti kimoja kizee kwa gereji, Becky akae hapo, Hiram nitambeba mimi, nimengoja sana kumbeba. Hilo la mwisho lilimchoma. Mtu hajawahi kumgusa mwanawe, unamwambiaje asimbebe? Lakini alimwambia. Alimwambia utambeba mpaka mikono iume, ukishafika ndani ya nyumba, kwenye gari hapana, nenda dukani ununue kiti cha Becky, ukifunge kwa gari la Quincy, unitumie video nione ukikivuta na hakichezi, bila hiyo video mimi sipandi ndege. Video ikaja jana, Kiarie amepiga goti kitini anavuta mshipi kama mtu anayefunga mzigo wa kabichi, na Wamuyu akaitazama tena na tena, akalia kidogo, kwa kumpenda.

Sasa ameshinda Dublin, ameshinda watu wa ndege, ashindwe na sufu?

...Tunafunika barabara yote kwa damu ya Yesu, Baba, kutoka hapa Kiamunyi, Gilgil, Naivasha mpaka Nairobi... na cucu alipotaja Gilgil, Wamuyu akamtafuta mama yake kwa macho. Mama yake mzazi amekuja jana kutoka Ndabibi kuwaaga, alikuwa amesimama nje ya dirisha la upande wa Hiram, kioo kimeshushwa, kitambaa kichwani, mikono ameifungia ndani ya leso, na yeye hatafika uwanjani. Hilo ndilo lilileta vurugu asubuhi. Watu wa hapa hawasindikizi msafiri nusu njia, msafiri hupelekwa mpaka mlango wa mwisho ambapo askari anawazuia, wote kwa gari moja, mmoja juu ya mwingine, na hivi viti viwili vimekula gari lote, Wamuyu abanane katikati, cucu akae mbele na Jamleck, basi, gari limejaa. Ndipo cucu akasema mbele ya kila mtu, na hakusema kwa ubaya, ndiyo shida, "Toa hiki kiti, mimi nimbebe bwana yangu, na mama yako apate pa kukaa. Hii mikono imebeba watoto sita na hakuna ameanguka." Kila mtu akamgeukia Wamuyu, msichana anayemwacha mama yake getini kwa sababu ya plastiki, na aibu ikampanda mpaka masikioni, na angekubali, wallahi mdomo ulishaanza kufunguka, ni mama yake ndiye alisema, polepole, bila kumwangalia mtu, "Wachana na mimi. Funga mtoto."

Funga mtoto... na wengine walidhani ni unyenyekevu, mama wa watu, hataki usumbufu. Wamuyu alijua. Kwa sababu naye alikuwepo. Alikuwa na miaka sita, amekaa katikati ndani ya pikapu ya baba, baba anaendesha, mama pembeni amempakata Bethwel, mdogo wake, amefungwa vizuri ndani ya shali, wanaenda arusi Nakuru, nguo zimepigwa pasi, mama amepaka mafuta shingoni, na kabla tu ya Gilgil pundamilia wakatoka kichakani wakaingia barabarani wakasimama pale kama wenye shamba, baba akakanyaga breki. Hawakumgonga hata mmoja. Gari liliteleza likagusa jiwe la pembeni, taa moja ikavunjika, taa moja tu, ile pikapu baba aliiendesha miaka mingine mingi... lakini Bethwel hakuwa tena mapajani. Kinachomrudia Wamuyu si kioo wala damu, ni mikono ya mama, bado imejikunja kwa umbo la mtoto, imekaza, shali imo ndani yake na mtoto hayumo. Na ile mikono ilikuwa mikono kweli. Mama alimshika ndama shingoni akapigwa dawa bila kusaidiwa, aliinua mkebe wa maziwa kutoka chini mpaka kwa lori bila kupumzika, wanaume wa Ndabibi walikuwa wakimtania baba kwamba siku mama akikasirika ahamie Naivasha. Halafu kwa matanga mashangazi wakaanza, chini chini, jikoni, labda alikuwa amesinzia, labda mkono ulilegea, mama mwenye mtoto halegezi mkono, na mama akasikia, akakubali, hakujitetea hata kidogo. Siku moja tu Wamuyu alimsikia akiwa anaosha mikebe, akiuambia ukuta, "Nilimwachilia." Tangu hapo mama hapakati mtoto ndani ya gari, wa mtu yeyote, na akipita Gilgil hufumba macho, na watu wakimwona hufikiri anaomba.

...Na mkono wako Baba usiwaachilie, cucu alikuwa amepandisha sauti, usiwaachilie, usiwaachilie... Wamuyu akabonyeza kifungo chekundu. Mikanda ikaachia. Akatoa mkono mmoja wa Hiram kwenye sweta, halafu wa pili, Hiram akakunja uso, akaghairi, kofia ikatoka, ile manjano yote ikalala pembeni kama mto, na ndani yake akatoka mtoto mdogo kuliko alivyotarajia, mabega membamba, fulana zimejikunja tumboni. Akarudisha mikanda vile vile, kwa urefu ule ule, bila kuvuta, alitaka tu kuona. Akaona. Kati ya mkanda na kifua cha mtoto ngumi yake iliingia nzima na bado ikawa na nafasi ya kugeuka. Maziwa yakamshtuka kifuani. Yaani angetoka hapa, angepita Gilgil, na mtoto amefungwa kwa macho tu, watu wote wameridhika, cucu ameridhika, yeye mwenyewe ameridhika... na ghafla akaikumbuka ile video nyingine, ya majaribio, aliyoitazama wiki iliyopita huku Becky akimvuta nywele, watu wazima ndani ya gari wamepewa mwanasesere mwenye uzito wa mtoto wamshike, wanaume wenye vifua, wameambiwa breki inakuja, wanajua kabisa inakuja, wamekaza, wamemkumbatia, na gari haliendi hata kasi ya kutisha, na breki inapokanyagwa mwanasesere anatoka, kila mara anatoka, hakuna hata mmoja aliyembakisha. Wakati ule alikuwa amefikiria Hiram peke yake, kiti, mikanda, bei. Hakumfikiria mama. Wiki nzima ameitumia kuwaeleza watu wote, Kiarie, Jamleck, cucu, mpaka mwenye duka, kwamba mtoto kwenye breki huwa mzito kama gunia la viazi na hakuna mkono wa mtu unaoweza kumzuia, hakuna, amelisema mpaka limemchosha mdomoni, na mtu mmoja aliyehitaji kuambiwa amekaa naye jikoni jana jioni nzima wakimenya viazi, na hakumwambia kitu.

Hakusinzia. Mkono haukulegea. Wamuyu aliiona ile mikono, yeye peke yake kwa dunia hii aliiona wakati ule ule, na ilikuwa imekaza, imekaza mpaka mwisho, na ameishi na picha hiyo miaka yote akidhani inaonyesha kosa. Hasira ikampanda, kwa mashangazi, kwa matanga yale, na akijua fika kwamba baada ya amina milango itafungwa, Jamleck atapiga honi, mama atabaki getini, na kurudi hajui ni lini, mwaka wa tatu, wa nne, wazee hawangoji... Akavuta mkanda. Akavuta tena, mikanda ikateremka ikakaa mabegani mwa Hiram, bapa, juu ya fulana, akajaribu kuubana ule utepe kwa vidole viwili, ukakataa kujikunja, haujalegea, vizuri. Sweta ataifunika juu ya mikanda, mtoto atapata joto na cucu atapata heshima yake, na cucu akifumbua macho aseme atakalosema, Wamuyu atamjibu kwa adabu na sweta haitarudi ndani, leo, kesho, wala huko Dublin. Alipoinua uso akakuta mama anamtazama. Mama hakuwa amefumba macho. Labda hakuwa amefumba tangu mwanzo. Mkono ukatoka ndani ya leso, ule ule, vidole vimepinda kidogo siku hizi, ukapita dirishani, ukashika mkanda kifuani mwa Hiram ukauvuta, si kwa utani, ukauvuta kama anavyovuta kamba ya ndama, na mkanda haukusonga.

"Ameshikika," mama akasema, kwa sauti ya chini.

"Wewe hukumwachilia Bethwel," Wamuyu akasema. "Nilikuwa hapo, mama. Nilikuona mikono. Ulikuwa umemshika. Hakuna mtu angeweza."

Becky akauliza kwa sauti mbona cucu wa Ndabibi anamshika mtoto, akanyamazishwa na Jamleck ambaye hakufumbua macho, na huko nje, kiganja bado juu ya paa, cucu alikuwa sasa amefika kwa rubani, tunamweka rubani mikononi mwako Baba, hatumjui jina lakini wewe unamjua, yeye na mke wake na watoto wake, na wale wanaobeba mizigo, na wale wanaopika chakula cha ndege, kulikuwa na safari ndefu bado mpaka amina, na mkono wa mama haukutoka kwenye mkanda.