Sauti Iliyobaki Atlanta

Alhamisi saa nne asubuhi, Khamisa aligonga mlango wa chumba 614 katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, Dubai. Akagonga tena, na alipoona kimya akafungua kwa kadi yake. Mgeni alikuwa ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, amevaa suruali ya michezo na mikufu mitatu, mdomo wazi. Alikuwa akijaribu kuimba na hakikutoka kitu. Khamisa aliomba radhi, akabadilisha mashuka, akaweka sabuni mpya, na alipomaliza mgeni alikuwa bado ameachama.

Akamuuliza kama amwitie daktari. Mgeni akachukua kijidaftari cha hoteli, akaandika kwamba daktari hahitajiki. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa, ila imebaki Atlanta.

Aliandika kurasa nane, na Khamisa alizisoma amesimama, ameshika kopo la dawa ya vioo. Mgeni aliitwa Marquell Tibbs, umri miaka ishirini na miwili, na vijana wa dunia walimjua kwa jina la Tibbz. Alizaliwa Macon, Georgia, akalelewa na nyanya yake, mpishi wa shule. Akiwa na miaka kumi na mmoja alishindana kufoka mashairi nyuma ya kanisa na wavulana waliokwisha ota ndevu, akawatoa jasho. Akiwa na kumi na saba alirekodi wimbo bafuni kwa simu, na kabla nyanya hajaamka watu milioni tisa walikuwa wameusikiliza. Akiwa na kumi na tisa alitia sahihi mkataba wa kurasa arobaini, katika ofisi yenye samaki wa mapambo. Aliusoma mpaka ukurasa wa sita, samaki wakamvutia zaidi. Ukurasa wa thelathini na moja ulisema sauti ni mali ya kampuni.

Miaka mitatu kampuni ilikuwa ikiisafirisha sauti hiyo kwenye kiti cha pembeni yake, imefungwa mkanda. Mwaka huu Marquell alisema anataka kuondoka. Kampuni ikaanza kumlaza hoteli za nyota tatu, na sauti ikaifungia kabatini. Onyesho la Dubai lilikuwa kesho yake, Ijumaa, na ukurasa ule ule ulisema akikosa onyesho moja tu, sauti hatarudishiwa maisha.

Khamisa hakushangaa. Alikuwa amekaa Dubai miaka sita.

"Basi na wewe una kafeel," akamwambia.

Marquell hakulijua neno hilo, na Khamisa alimweleza kwa Kiingereza chake cha kazini kwamba ni mdhamini, mwajiri ambaye bila ruhusa yake mfanyakazi haondoki. Pasipoti yake mwenyewe ilikuwa kwenye droo ya bwana Hashir, ofisa wa wafanyakazi, ghorofa ya chini, kwa ajili ya usalama wake. Ijumaa ya wiki iliyofuata mdogo wake Fairuz alikuwa anaolewa kwao Kisauni. Khamisa ndiye aliyemlea huyo Fairuz, mgongoni, wakati mama yao akiuza mahamri, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kuwa pale siku hiyo. Mara tatu alikwenda kuiomba ile pasipoti. Bwana Hashir hakuwa mtu mbaya, alimkalisha kitini na kumpa maji. Mara zote tatu alisema baada ya msimu wa wageni, na msimu wa Dubai hauna baada.

"Sauti yangu nishaitumia mara tatu ofisini, haikunifaa kitu," alisema Khamisa. "Ichukue wewe, huenda ikakufaa."

Pwani bibi harusi huazima dhahabu za majirani, na jambo hilo hufanywa mbele ya shahidi. Kwa hiyo aliitwa Yasir, mbeba mizigo wa hoteli, mtu wa Tanga, ambaye aliacha masanduku ya Warusi kwenye lifti akaja. Khamisa alikohoa sauti yake ndani ya glasi, akaifunika kwa kisahani. Yasir akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akasema imejaa, haina taka, khalas. Marquell aliinywa kwa mafunda matatu. Kisha akacheua, kwa sauti ya mwanamke wa Kisauni, na wote watatu wakacheka, wawili kwa sauti.

Ijumaa Khamisa alisafisha vyumba kumi na sita bila kutamka neno. Msimamizi alimuuliza maswali matano na kujijibu mwenyewe yote. Wageni wa ghorofa ya sita walimpa alama za juu kuliko siku zote, na mmoja akaandika kwamba ni mchangamfu.

Aliyetambua ni mama yake. Alipiga simu mchana, akasikiliza kimya kwa sekunde mbili.

"Sauti umemwazima nani?" akauliza.

Kwa vile hakupata jibu, alisema si neno, ila ahakikishe inarudi kabla ya harusi. Kisha akaendelea peke yake na habari za hina, mchele wa biriani na shangazi aliyenuna, kama nusu saa nzima.

Onyesho lilianza saa kumi na moja jioni, katika ukumbi wa watu elfu mbili karibu na hori la Creek. Hoteli ilikuwa imepewa tiketi za bure, na bwana Hashir alikuwa safu ya nne na binti yake Alya, mwenye miaka kumi na mitano na jina la Tibbz kwenye fulana. Marquell aliimba nyimbo mbili za magari na za Macon. Sauti ilimtii vizuri, kitu cha kuazima huwa na adabu mwanzoni. Wimbo wa tatu ikaanza ya kwake. Ilikuwa na miaka sita ya "yes madam" ndani yake na sasa imeona kipaza sauti. Ikashika mwendo wa ngoma za harusi, ikaingia Kiswahili, na Marquell, asiyejua hata neno moja, akaifuata mbio kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi:

"Nipe pasipoti yangu, nende zangu kwetu,
Fairuz aolewa Ijumaa, na mimi niko kwenu!"

Ukumbi ukaruka. Wahudumu wa vinywaji, wengi wao wa Mombasa na Kampala, waliweka sinia chini wakapiga vigelegele. Watu elfu mbili walishika kiitikio mara ya pili, na mara ya nne walikuwa wanakiimba bila msaada. Bwana Hashir aliimba mpaka kola ikalowa. Alya aliona aibu kidogo, kisha akaacha kuona aibu, wakashikana mikono wakaruka pamoja. Ilikuwa jioni nzuri sana, na hakuna aliyekuwepo anayesema vinginevyo.

Jumatatu Marquell alimuuliza Yasir, kwa sauti ile ile ya Khamisa, namna ya kurudisha kitu cha kuazima. Yasir alimwambia kwao bakuli la jirani halirudi tupu. Basi alipoirudisha kwenye glasi alitia ndani yake kicheko cha nyanya yake, ambacho alikuwa nacho tangu utoto na kampuni haikukiona. Khamisa alikunywa, na kitu cha kwanza kilichomtoka kilikuwa kicheko kikubwa cha bibi wa Macon, kilichosikika hadi mapokezi.

Mkataba ulikuwa haujavunjwa. Sauti ya Marquell iliendelea kuwa ya kampuni, na ingebaki kabatini kwa albamu nyingine sita. Alikwenda London akaazima kwa dereva wa basi, akaenda Lisbon akaazima kwa muuza samaki. Wachambuzi wa muziki waliandika kwamba kijana amekomaa.

Wimbo wa Dubai ulibaki Dubai. Ulipigwa kwenye teksi, kwa vinyozi, kwenye mabasi ya wafanyakazi yanayotoka kambi za Muhaisnah alfajiri. Jumanne Khamisa alishuka ghorofa ya chini kwa mara ya nne, akamkuta bwana Hashir akiuimba puani. Akaomba pasipoti yake. Kwa kuwa alitaka aeleweke, aliomba kwa kuimba, beti zote. Bwana Hashir alimsikiliza mpaka mwisho, akipiga meza kwa kalamu.

"Unakaribia kabisa kuimba kama yule Mmarekani," alisema, na hakuwa akimdhihaki. Pasipoti, akaongeza, baada ya msimu, inshallah.

Ijumaa saa moja jioni wafanyakazi wanane walikusanyika chumba cha kufulia, simu imeegemezwa juu ya mashine ya kukaushia. Fairuz aliingia ukumbini Kisauni amevaa dhahabu za mtaa mzima, na wimbo aliowatumia Khamisa ukapigwa. Sauti ya Khamisa ilitoka kwenye spika, ikapita katikati ya wanawake wakiipisha, ikaketi kwenye kiti kilichoachwa wazi pembeni ya mama. Fairuz aliikumbatia kabla ya mtu mwingine yeyote. Khamisa alilia na kucheka kwa pamoja, kwa vicheko viwili, na wenzake wakaanza kucheza kati ya mikokoteni ya mashuka.

Bwana Hashir alifuata kelele akaingia. Hakukemea. Alikunja mikono ya shati, akaimba nao wote mpaka mwisho, neno kwa neno, vizuri kuliko Yasir. Wimbo ulipoisha alimuuliza Yasir huyu Fairuz ni nani hasa. Yasir alimwonyesha kwenye simu, akamwambia ni mdogo wake Khamisa, na harusi ndiyo hiyo.

Bwana Hashir aliitazama simu. Macho yake yalilowa. Alimshika Khamisa mkono kwa mikono yake miwili, akampa hongera kwa moyo wake wote, akaomba wimbo urudiwe. Wakaurudia, na alicheza kuliko wote, na funguo za droo mfukoni mwake zilikuwa zikilia kwa mapigo ya ngoma.