Kitufe cha Nyuzi

Mtu yeyote anayetaka kuweka bendi kwenye mgahawa wake aje kwanza aniulize mimi. Nitamkaribisha, nitampa chai, nitasikiliza ndoto zake zote, halafu nitamwambia akauze mkaa.

Mgahawa wangu ni mdogo. Ukikohoa kwenye meza ya mlangoni, mpishi jikoni anakupa pole. Kila Jumamosi, kuanzia alasiri mpaka giza linapoingia, tunasogeza meza za upande wa ndani, tunapanga jukwaa la mbao, na bendi inapiga. Bendi yenyewe ni watu watatu. Kinyozi wa duka la jirani anapiga ngoma, dereva wa teksi anapiga besi, na kaka yangu wa tumbo moja anapiga gitaa na kuimba. Watu wanamwita Nyuzi. Mimi nina majina mengine ya kumwita, ila nayahifadhi kwa sababu mama yetu bado yu hai.

Watu wanampenda, hilo silikatai. Wapo wanaokuja kwa miguu kutoka mitaa ya mbali kumsikiliza, na akianza zile nyimbo za ujana wetu, hata waliokuja kunywa soda moja waondoke wanajikuta wameagiza chakula. Mkewe alipofariki alijifungia ndani, hatoki, hanyoi ndevu, na kilichomtoa ni Jumamosi hizi. Kwa hiyo nilimvumilia. Lakini jamani, na mimi ni mtu.

Ilianza na viatu. Siku moja akaamua kwamba gitaa halipigiki bila kupiga peku. Mtu mzima, babu wa watu, anavua viatu mbele ya wateja wanaokula, anavipanga pembeni ya jukwaa kama yuko mlangoni kwake. Nikamwambia hapa ni mgahawani, si chumbani. Akatabasamu, na nyayo zake zikabaki pale pale juu ya mbao. Hatujakaa sawa, akataka ngoma zihamie mbele yake ili yeye na kinyozi watazamane uso kwa uso. Yaani kinyozi awape wateja mgongo na aizibe njia ya jikoni, na wahudumu wangu wapite ubavu ubavu sinia zikiwa juu ya vichwa vya watu. Nilijua kinyozi atagoma, maana ni mtu wa maringo, shati lake la Jumamosi hulipiga pasi tangu Alhamisi. Wapi. Alisema tu kwamba kama mzee anataka hivyo, basi na iwe hivyo. Nikaona hawa wamekula njama ya kunimaliza.

Halafu ukimwita haitiki. Unamwita kutoka kaunta, unamwita tena, yeye anaendelea kukaza nyuzi zake kana kwamba aliyeitwa ni paka. Nikasema basi, sifa zimemlevya. Mtu akishazoea kupigiwa makofi kila wiki, sauti ya dada yake anaiona ya nini?

Ila kilichokuwa kinanitoa roho hasa ni lile swali lake. Kila tukimaliza, meza bado chafu, mimi na ndoo yangu mkononi, anakuja na kuuliza: "Sauti ilikuwaje?"

Namwambia nzuri. Hatosheki. Besi je? Na ule wimbo wa pili, mwanzo wake je? Kwenye kiitikio nilikuwa juu au chini? Umepigiwa makofi na ukumbi mzima, bado unakuja kuomba sifa kwa mwenye ndoo! Nikawa na jibu moja, nampa hilo hilo kila wiki bila hata kugeuka.

"Kwani wewe hukuwepo?"

Anacheka kidogo, anavaa viatu vyake, anaondoka.

Yote hayo ningeyameza kama si kelele. Nyuzi alikuwa na amplifaya yake pembeni ya kiti, na kila wimbo alikuwa anaipandisha. Dereva akiona amefunikwa naye anapandisha besi, na kinyozi naye anaanza kuzitwanga zile ngoma kwa hasira. Baada ya nyimbo chache mteja hawezi kuagiza maji mpaka aigize kunywa. Sasa juu yetu, ghorofani, anakaa mwenye nyumba, mzee mstaafu, mpole, ambaye tangu nipange kwake hajanipandishia kodi. Akashuka siku moja ameshika bilauri iliyopasuka. Akaniambia vyombo vyake vinatembea vyenyewe kabatini. Hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema muziki anaupenda, na mkewe anaupenda, ila yule wa gitaa ama apunguze, ama nitafute mwingine. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angeshuka mwenyewe, akae, asikilize, ndipo aseme neno lake.

Nikamwambia Nyuzi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia mbele ya mama. Anatikisa kichwa, sawa dada, nimekuelewa dada. Jumamosi ikifika anafungulia mpaka mwisho. Nikamuuliza, hivi unataka nikutoe? Hapo uso ukambadilika.

"Usinitoe, mdogo wangu," akasema. "Nikitoka hapo sina pengine pa kwenda."

Na nani kasema nataka kumtoa? Nilitaka apunguze tu. Kupunguza kuna ugumu gani? Usiku ule nilikosa usingizi kwa ajili yake, na asubuhi nikaamka nimemkasirikia upya.

Aliyeniokoa ni fundi wa redio, yule anayesimamia mtambo wetu wa sauti. Aliondoa ile amplifaya, akapitisha gitaa moja kwa moja kwenye mtambo wake, ambako yeye ndiye mwenye kauli. Kisha akatengeneza kisanduku cheusi kizuri, kina kitufe cha kuzungusha na kitaa chekundu cha betri, akakifunga pembeni ya kiti cha Nyuzi. Akamwambia, mzee, sauti yako sasa unaiongoza kwa hiki, ni cha kisasa. Waya wa kile kisanduku uliingia chini ya jukwaa na kuishia hapo hapo. Haukwenda popote.

Jumamosi ile nilisimama kaunta roho mkononi. Nyuzi alianza kupiga, akainama, akazungusha kitufe. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Akaongeza tena, akarudisha nyuma kidogo, akaridhika.

"Hapo sasa," akasema kwenye maikrofoni.

Fundi akanikonyeza. Nilikimbilia stoo, nikaegemea kreti za soda, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kumbe miezi yote ile ya kunipandisha presha, mtu alikuwa anataka kitufe tu! Vyombo vya ghorofani vikatulia. Watu wakaanza kuagiza maji kwa midomo yao. Nikajiona hakuna mjanja kama mimi mtaa mzima.

Ikafika siku ya mwenye nyumba. Alishuka na mkewe, wote wamevaa wakapendeza, nikawapa meza ya karibu na jukwaa. Nyimbo za kwanza zikaenda vizuri. Mke wa mwenye nyumba alikuwa anaimba chini chini, na mzee alikuwa anapiga meza kwa kidole. Moyo wangu ukaanza kurudi mahali pake. Mzee akaniita, akauliza kwa adabu zake zote kama anaweza kupata chai.

Mgahawa wangu una sheria moja ya Jumamosi: bendi ikipiga, birika la umeme halichomekwi. Taa zina laini yake na soketi zina laini yake, na hiyo ya soketi ni kuukuu, haiwezi kubeba spika na birika kwa pamoja. Sheria hiyo niliitunga mimi. Nimeshamfokea mpishi kwa ajili yake mpaka akalia. Lakini majiko yote yalikuwa na sufuria, mzee anasubiri, na mimi nilikuwa nataka kumfurahisha mpaka akili ikaniruka. Nikalichomeka kwa mkono wangu huu.

Spika zikafa.

Nilijilaani kwa sauti nikatoka mbio jikoni, nikitegemea kumkuta Nyuzi ameshika kiuno ananitafuta kwa macho. Taa zilikuwa zinawaka kama kawaida. Dereva alikuwa anaitazama besi yake. Fundi alikuwa amesimama. Na kaka yangu alikuwa katikati ya lile pigo lake refu la gitaa, lile analolipiga amefumba macho, na alikuwa anaendelea.

Vidole vilikuwa vinakimbia. Chini ya ngoma, kilichosikika kwenye gitaa ni mkwaruzo tu wa nyuzi zisizo na umeme, kitu chembamba ambacho hata meza ya pili hakikufika. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kula. Yeye anatabasamu. Akaachia noti moja ndefu iende zake, na wakati inakwenda, macho yamefumbwa vile vile, akashusha mkono kwenye kile kisanduku, akakipandisha kitufe kidogo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea kupiga.

Kinyozi hakuwa ameacha ngoma. Aligeuza shingo akanitazama, na kwa macho tu akanikataza nisiseme neno. Mguu wake ulikuwa unaikanyaga ile ngoma kubwa kwa nguvu kuliko siku zote, na mbao zilikuwa zinatetemeka chini ya nyayo za kaka yangu. Akamnyanyulia dereva nyusi, na dereva naye akarudisha vidole kwenye besi iliyokufa, akawa anapiga hewa. Ndipo nikaelewa. Kaka yangu alikuwa hasikii. Alikuwa anaukanyaga muziki kwa miguu na kuutazama kwenye mikono ya kinyozi, na kinyozi alijua. Atakosaje kujua, mtu anayemnyoa kila wiki, anayepiga naye soga akiwa amesimama nyuma ya masikio yake?

Hasira zikanipanda, sitadanganya: anajua kinyozi, mimi niliyenyonya ziwa moja naye sijui, nimebaki kucheka stoo. Nilirudi jikoni nikaling'oa lile birika, nikaenda kwenye breka, ile swichi ya laini ya soketi iliyokuwa imejizima, nikamsubiri fundi ashushe kila kitu kwenye mtambo ndipo nikairudisha. Akapandisha taratibu. Gitaa likaingia lenyewe, pale pale lilipotakiwa kuwa, halijapishana na ngoma hata kidogo. Watu walipiga makofi ambayo sijawahi kuyasikia mle ndani. Nyuzi akafumbua macho, akaiona mikono yao, akainama kushukuru.

Mwenye nyumba alipokuwa anaondoka, alimtanguliza mkewe ngazini, akasimama nami mlangoni.

"Hasikii yule," akasema.

Akatazama kule jukwaani. Kisha akaniambia Jumatatu ataleta fundi umeme anivutie birika laini yake peke yake, maana Jumamosi yeye na mkewe watakuwa wanahitaji chai. Akapanda zake ngazi.

Nikachukua ndoo. Meza zilikuwa chafu kama kila wiki, na kama kila wiki nikamsikia anakuja nyuma yangu, viatu mkononi.

"Sauti ilikuwaje?"

Lile jibu langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi kwa mazoea. Nikalimeza. Nikaweka ndoo chini, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka chini ya taa, nikasimama mbele yake ili aone vizuri mdomo wangu. Nikaanza na wimbo wa kwanza. Nikamwambia besi ilikuwa nzito kidogo. Nikamwambia ubeti wa pili maneno yalisikika moja moja, na kwenye kiitikio alikuwa juu, lakini si sana. Na ule wimbo aliokuwa akiupenda marehemu mkewe je? Nikamwambia mama wa ghorofani aliuimba wote. Alikuwa ananiuliza haraka haraka, na hapa je, na pale je, kama mtu aliyenyimwa chakula siku nyingi. Hivyo hivyo tukaja mpaka kwenye chai ya mwenye nyumba, na hapo nikasita.

Kaka yangu hakuondoa macho kwenye mdomo wangu.

"Endelea," akasema. "Nani mwingine ataniambia?"