Mkoba wa Mama Magazeti

Miaka mitatu mizima ndugu wa mumewe walimwita Mama Magazeti, naye akaitika.

Alikuwa fundi cherehani, mwembamba wa mwili, mnene wa kumbukumbu. Wateja walimwita Fundi. Ukweni jina lilikuwa hilo moja, na lilizaliwa siku moja na binti yake wa kwanza, katika wodi ya wazazi.

Siku ile uchungu ulimshika wiki mbili kabla ya wakati. Mumewe, fundi bomba, alikuwa kazini mji mwingine. Mkoba ulikuwa tayari chini ya kitanda, kaupanga mwenyewe: gauni saba ndogo alizozishona kwa mkono, kofia mbili, blanketi jeupe, kanga, sabuni, kandambili na kadi ya kliniki. Aliyeubeba hadi hospitali ni wifi yake, mdogo wa mumewe, msusi mwenye saluni ndogo na mdomo mkubwa.

Mtoto alipotoka, mkunga akafungua zipu. Ndani kulijaa magazeti ya zamani, na katikati yake pazia lililochanika.

"Wewe mama," mkunga alisema kwa sauti iliyofika kitanda cha mwisho, "miezi tisa ulikuwa unangoja nini? Utamvika mwanao habari za michezo?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Kadi nayo haikuwemo, ikabidi achomwe sindano upya ili kundi la damu lijulikane. Mtoto akafungwa ndani ya pazia, na ndivyo alivyopokelewa duniani.

Wifi aliapa kwa viapo vyote. "Mimi nilibeba tu. Aliyepanga ni mwenyewe. Labda mimba ilimpanda kichwani."

Mumewe aliporudi alimuuliza mara tatu, kwa upole ule unaouma kuliko kofi: "Una hakika hukuyatia mwenyewe, mke wangu, ukasahau?"

Binti alikuwa na miezi mitano Fundi alipopita saluni kumpelekea wifi aproni aliyomshonea. Kwenye benchi alikaa mteja kampakata mtoto aliyevaa gauni la manjano. Fundi akaliangalia pindo. Mwenye kushona huujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake.

"Gauni zuri," alisema. "Kashona nani?"

"Sijui, ni zawadi ya msusi wangu huyu. Alinipa saba!"

Wifi alikuwa anamsuka mtu, macho kwenye nywele. Hakusikia, au alijifanya. Fundi akaweka aproni juu ya meza, akaaga vizuri, akaondoka. Angemwambia nani? Mume aliyekwisha kumuuliza mara tatu? Alimeza, na kile alichokimeza hakikuyeyuka. Kimya kingi kina mshindo.

Basi mwaka wa tatu wifi naye akapata mimba. Miguu ikamvimba, daktari akamwamuru alale, na mumewe alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo. Siku moja akamwita Fundi chumbani. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, anamkanda nyayo.

"Wifi yangu," alisema kwa sauti ya asali, "wewe ndiye mwenye mkono. Nipangie mkoba wa hospitali. Mimi hata kuinama siwezi."

Mama mkwe akacheka kidogo. "Ila magazeti usitie, Mama Magazeti."

Wote wawili wakacheka. Fundi naye akacheka, tena kuwashinda.

"Usiwe na wasiwasi, wifi," alisema. "Nitakupangia kama ulivyonipangia."

Wifi akageukia ukutani akisema amechoka.

Fundi alifunga kibanda chake mchana kweupe, akaitandaza mikoba miwili juu ya meza ya kukatia. Vitu vya mtoto alivitia mkoba wa kwanza vyote, bila kupunguza hata soksi: nepi, vifulana, kofia, blanketi zito jipya. Mtoto hakumkosea mtu. Kadi ya kliniki akaitia mfuko wa mbele, akaikagua mara mbili, maana kisasi chake hakikuwa cha kuua mtu. Kisha akafikia sehemu ya mama. Hapo akachukua magazeti, akayakunja moja moja kwa ustadi, kama mtu anayekunja mashati ya harusi, akayashindilia mpaka zipu ikalalamika.

Mkoba wa pili aliujaza kanga mpya, gauni la kunyonyeshea, nguo za ndani, pedi, sabuni, taulo na kandambili. Huo akabaki nao yeye.

Uchungu ulimwanza wifi asubuhi ya Jumanne. Walikwenda wanne: wifi, mama mkwe, Fundi na mumewe, yule fundi bomba. Saa sita mchana mtoto wa kiume akalia. Haukupita muda, mkunga akatokeza mlangoni.

"Ndugu wa yule mwenye magazeti ni nani?"

Mama mkwe aliinuka, akakaa, akainuka tena.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika waliingia. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na wageni tele. Mtoto alilala amevikwa vizuri kama mwana wa mfalme. Mama yake alijikunyata kando yake na gauni la hospitali lililoloa mgongoni, miguu mitupu, magazeti yametawanyika kitandani. Alipouona mkoba wa pili begani mwa Fundi, akanyoosha mkono.

"Nipe, wifi. Nina baridi."

"Nitakupa. Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Magazeti yangu aliyatia nani?"

Fundi hakupaza sauti, lakini wageni wa vitanda vya jirani waliacha kumenya machungwa. Mumewe alimshika mkono. "Mke wangu, si mahali pake hapa."

"Ndipo mahali pake hasa. Mimi nilichekwa kwenye kitanda kile pale, karibu na dirisha." Akautoa mkono wake. "Sema, wifi. Nina siku nzima."

Wifi aliwatazama watu, akamtazama mamaye, akamtazama kaka yake. 

"Ni mimi," alisema. "Nilitoa vitu, nikatia magazeti na pazia."

"Na gauni?"

"Nilimpa rafiki yangu. Kaka alikuwa hatujali tena tangu akuoe. Kila neno ni mke wangu, mke wangu. Nikataka akuone hufai." Akajifuta macho. "Na mama alijua. Alinikuta nikiyatia, akacheka."

Fundi hakulitarajia hilo. Akageuka polepole.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, mara ya kwanza kumwita hivyo, "mimi nilidhani ni utani."

"Na huu nao ni utani, mama. Mbona hamcheki?"

Kikongwe mmoja, mgeni wa kitanda cha tatu, alisema bila kuulizwa: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu!" Watu wakacheka, na safari hii kicheko kilipita mbali na Fundi. Akauweka mkoba miguuni pa wifi. Hakumsaidia kuvaa. Alitoka nje, akanunua karanga langoni, akazila zote akiwa amesimama juani, na kila moja ilikuwa tamu.

Wapo waliosema alizidisha. Mzazi hafanyiwi hivyo, walisema, angengoja arobaini zipite. Fundi aliwajibu kwamba yeye hakungojewa hata saa moja. Wifi hakuomba radhi zaidi ya machozi yale, na Fundi hakumpelekea salamu, lakini tangu siku ile hakuna mtu ukweni aliyethubutu kulitamka lile jina. Mama mkwe alianza kumwita kwa jina la binti wa Fundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Mumewe ndiye aliyebaki. Alikuja kibandani kesho ya siku ile ya wodini, kofia mkononi, akasimama mlangoni.

"Mke wangu, nilikuuliza mara tatu. Hata mara moja sikustahili kukuuliza."

Cherehani iliendelea kukimbia. Fundi alikuwa na sketi za sare za kumaliza, kumi na mbili, na ndiyo kwanza alikuwa kwenye ya nne.

"Simama hapo hapo," alimwambia bila kuinua kichwa. "Nikimaliza nitakusikiliza."

Akasimama.